Nywele Zilizokua kwenye Rafu Yangu

Mwaka wa 1981, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alikufa na shule ikaisha naye. Darasa la nne sikulimaliza. Nilitoka Lumino kwa miguu mpaka Busia, nikapata kazi ya kushona midomo ya magunia ya mahindi pale mpakani. Sindano ya magunia ni nene, na mkono wangu una alama zake mpaka leo. Nayasema haya ili msomaji ajue anayeandika ni nani. Maneno ya vitabu siyajui. Sindano naijua. Kutoka kwenye magunia nilikwenda kwenye viatu, kutoka kwenye viatu nikaenda kwenye viti vya magari, na kutoka hapo nikafika kwenye nywele za wanawake. Watu walicheka. Mwanaume mzima, kipara kinang'aa, anashona wigi. Waliocheka, wengine wamekufa bila hata paa la bati, na wengine wake zao ni wateja wangu.

Ninayetaka kumweleza hapa ni mmoja wa wateja hao. Namwita Mwigizaji, kwa sababu ndivyo mji mzima ulivyomwita, na kwa sababu aliniambia nikitaka kuandika niandike, ila jina lake nisilitaje wala la mama yake. Nimeandika Bulumbi mahali fulani humu ndani. Huenda si Bulumbi. Alizaliwa mwaka gani, babu yake alikuwa nani, hayo si kazi yangu. Mimi nilikijua kichwa chake.

Alianza kwenye maigizo ya kanisani, akaingia kikundi kilichozunguka Busia na Tororo na pazia moja na ngoma mbili. Mimi ndiye niliyewatengenezea ndevu. Vijana walitaka kuwa wazee jukwaani, nami nikawabandikia nywele kidevuni kwa gundi, chache chache, mpaka mama zao wakawaamkia shikamoo kwa mzaha. Baadaye zikaja kamera. Sinema zao ziliuzwa kwenye santuri za video, halafu zikahamia kwenye simu, na watu wa pande zote mbili za mpaka wakawa wanazitazama kwenye foleni ya malori. Yeye alipewa kila mara mke wa tajiri. Alikuwa na shingo ndefu na namna ya kumtazama mtu kama anayemhesabia makosa, na nywele nyingi nyeusi alizokuwa anazirusha nyuma kabla ya kumtukana mume wake wa kwenye sinema. Wanawake wa sokoni waliiga hata kule kurusha.

Halafu akanijia mchana mmoja wa jua kali, kichwa kimefungwa kitambaa mpaka kwenye nyusi. Dukani kulikuwa na wateja wanachagua rangi. Alikaa kwenye benchi mpaka wa mwisho akatoka.

"Mzee, hicho kipara ulikipata lini?"

"Sijafika hata miaka thelathini kilikuwa kimeshafika hapa," nikamwonyesha utosi.

"Nani alikuuliza kimetoka wapi?"

"Nani aulize? Kipara ni kipara."

"Mke wako alikimbia?"

"Alikimbia njaa, si kipara. Na alirudi."

Hakucheka. "Basi funga mlango."

Nikafunga. Akafungua kitambaa. Nywele zilikuwa zimebaki kama majani yaliyoachwa na mbuzi, kichaka hapa, kichaka pale, na katikati ngozi laini kama ya mtoto mchanga. Haikuwa na kidonda wala ukoko. Alikuwa ameshapita kote. Hospitali Tororo walimpa dawa ya kupaka, wakamwambia mwili wenyewe ndio unazikataa nywele. Mganga alimpa majivu. Mchungaji alimwekea mikono, na akasema alipoiondoa ile mikono ilikuwa na nywele. Kabla mwaka haujaisha, hata vile vichaka vilikwenda.

Nilimwambia wazi kwamba sijui dawa. Nilimwambia pia kwamba hakuna mtu atakayejua. La pili hilo nilijivunia kulisema, na nililitimiza.

Msomaji wa mbali anaweza kuuliza hofu ilikuwa ya nini. Hapa kwetu mwanamke akitokwa na nywele, watu hawasemi nywele zimetoka. Wanasema ana ule ugonjwa. Wakikuta hana, wanasema karogwa. Wakikuta hakurogwa, wanasema basi yeye ndiye mchawi. Na mwongozaji wa sinema anayetafuta mke wa tajiri hatafuti mtu wa kusemwa hivyo. Yeye mwenyewe alilisema kwa kifupi kuliko mimi: "Kipara cha mwanaume ni umri. Cha mwanamke ni kesi."

Kazi tuliyoifanya sisi wawili sijaiona popote. Wigi moja haimtoshi mtu anayetaka kuaminika, kwa maana nywele za kweli hazikai vilevile. Zinakua. Basi nilimshonea kichwa kizima cha miaka. Ya kwanza ilikuwa fupi kama ya mwanafunzi wa shule. Ya pili ilizidi kidogo. Ya tatu ilishuka masikioni, ya nne ikafika mabegani, na ya mwisho ilikuwa ya mistari, imesukwa tayari. Zote zilikaa kwenye rafu yangu ya juu, kila moja kwenye kichwa chake cha mbao. Baada ya majuma kadhaa angekuja akiwa na ile fupi, akatoka na iliyozidi. Nywele zake zilikuwa zinakua kwenye rafu yangu.

Siku ya kusukwa ndiyo ilinichekesha. Kwa kuwa watu walimwona akiingia na nywele wazi, hakuweza kutoka na mistari baada ya dakika kumi. Ilibidi akae muda wa kusukwa. Alikaa nyuma ya pazia, anakula karanga, anajisomea maneno ya sinema kwa sauti, yeye mke, yeye mume, yeye mama mkwe. Nami nashona. Jua likigeuka, anavaa ile ya mistari, anasimama, anabadilika. Wanawake wanajua: ukitoka kusukwa, kichwa kinavuta, nyusi zinapanda, huwezi kugeuza shingo. Alitoka mlangoni hivyo hivyo, shingo ngumu, macho yamevutwa, na alipofika kioski cha jirani aliomba dawa ya maumivu ya kichwa. Mwenye kioski alimpa pole.

"Leo mzee amekuvuta?"

"Huyu mzee alikuwa anashona magunia. Ananiona mimi ni gunia."

Na alikunywa ile dawa. Nilimuuliza kwa nini aimeze kweli. Akasema, "Nikishika tu na kutupa, siku moja nitasahau kutupa, waikute mkononi."

Mbele ya kamera ilikuwa ngumu zaidi. Huko walimpa wigi zao, kubwa, za dhahabu dhahabu. Mtu akivaa wigi siku nzima, wenzake wanategemea kumwona akiivua, apepee kichwa, alalamike joto. Basi alivaa mbili. Ile yangu fupi chini, yao juu. Jua la Busia unalijua. Kamera ikizima, aliivua ya juu mbele ya watu wote, akaitupa kitini, akajipepea na gazeti na kusema, "Afadhali nywele zangu zipumue." Wakacheka naye. Aliniambia jasho lilikuwa linamshuka mgongoni kama mtu anayeoshwa. Wasichana wa kikundi walimsifu kwamba yeye si mtu wa majivuno, anaonekana na nywele zake za kawaida.

Kuna sinema moja sitaisahau kwa sababu yake. Walimpa mwanamke mgonjwa anayekaribia kufa, dawa zimemmaliza nywele. Mwongozaji alinunua Nairobi kile kipara cha mpira, kofia laini ya rangi ya ngozi. Alimwambia afiche nywele zake ndani yake. Mwigizaji akaingia chumbani peke yake, akavua yangu, akavaa kile cha mpira juu ya kichwa kisicho na kitu cha kuficha. Akatoka. Mwongozaji akamzunguka, akabonyeza, akakunja uso.

"Hii haifanani na ya kweli," akasema. "Watu watajua ni uongo."

Wakampaka poda, wakampaka mafuta, wakampaka tena poda. Asubuhi yote. Yeye amekaa, na kitu wanachokitafuta kiko chini ya mpira, unene wa karatasi tu kati yao. Jioni alikuja dukani akanihadithia akicheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikageuka, na nikaona bora niendelee kushona nisimtazame.

"Ungeivua tu," nikamwambia. "Ungewaonyesha."

"Wangefurahi siku hiyo, mzee. Kesho wasingenipigia."

Ulimi wake haukuwa mtamu. Nikimvika wigi mpya anaweza kujitazama kioo muda mrefu na kusema, "Sasa hii nimeivaa au imenivaa?" Mara moja alinirudishia kazi kwa sababu mstari wa mbele ulikuwa umenyooka mno. Alisema Mungu hapimi kwa rula. Nilikasirika, nikamwambia aende kwa Mungu ashonewe. Juma lilipopita niliufumua mstari, nikauvuruga kidogo, na tangu hapo wigi zangu zote nazivuruga mbele. Ndiyo siri inayonilisha. Alinipa kwa tusi.

Na huyo mtu aliyedanganya mji mzima kwa kichwa chake hakuweza kudanganya kwa kitu kingine. Muuza nyanya akimzidishia chenji alirudi katikati ya soko. Akichelewa alisema amelala, hakusingizia gari. Mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya nywele alimtaka aweke picha yake kwenye makopo. Wakati ule alikuwa hana kazi, kodi imemkaba. Alikataa. Nilimwita mjinga usoni.

"Wanawake watapaka," akasema. "Watangoja kwenye kioo. Mimi najua kungoja kwenye kioo kulivyo."

"Kila mtu anasema uongo wake."

"Mimi ninao mmoja. Unanitosha, unanila mifupa."

Hakuolewa. Wapo waliotaka. Alisema mtu anaweza kuficha kichwa mchana, lakini mto haufichwi.

Mtu aliyempenda bila kuhesabu alikuwa mama yake, huko Bulumbi. Kila alipolipwa alienda na sukari na mkate. Mama alikuwa mlokole wa zamani, mtu wa kitambaa kichwani shambani, kanisani, hata kitandani. Niliwahi kuuliza kama mama anajua.

"Hapana."

"Hata mama yako?"

"Hasa mama. Unajua nini, mzee? Mama za wenzangu wanawashika vichwa, wanataka kusuka, kutafuta chawa, hata mtu mzima. Mama yangu tangu nikiwa msichana hagusi. Hajawahi kuniambia njoo nikusuke. Namshukuru Mungu kwa hilo."

Nikasema kweli, ni bahati.

Mama akaugua. Alilazwa Tororo muda mrefu, na Mwigizaji alilala sakafuni, chini ya kitanda chake. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyempelekea wigi ya kubadilisha pale getini, imefungwa kwenye mfuko wa mkate. Aliacha kazi mbili za sinema. Mama alifia mikononi mwake, asubuhi, akiwa anamnywesha uji.

Msiba ukaenda Bulumbi. Na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Kwa watu wake, mzazi akishazikwa, watoto wote wananyolewa. Wapo siku hizi wanaokata kishungi kwa mkasi wakamaliza. Ukoo wao si wa mkasi. Ni wembe, ni maji kwenye beseni, ni uani mbele ya watu, na anayenyoa ni senge, dada wa baba, ambaye kwao ndiye pia huosha maiti ya mke wa kaka yake. Nywele zinachukuliwa zinafukiwa kando ya kaburi. Asiyenyolewa anasemwa kwamba hakumlilia mzazi wake, na chira itamwandama, ile laana ya aliyevunja mila.

Siku moja kabla ya kunyoa alifika dukani kwa bodaboda, nguo ya msiba, macho yamevimba. Alifunga mlango mwenyewe.

"Mzee, nitengenezee nywele za kunyolewa."

Nilimtazama nikidhani ni majonzi.

"Wembe ukigusa wigi itanyanyuka yote," nikasema. "Senge ataishika mkononi kama paka."

"Si wigi. Zile ndevu. Zile ulizowabandikia vijana. Nibandike kichwa kizima."

"Mwambie senge ukweli."

"Uani kuna watu wa Busia nzima. Wamekuja na simu, mzee. Hawakuja kwa mama. Wamekuja kuniona mimi nikinyolewa." Akakaa kwenye kiti. "Na nisiponyolewa nimemnyima mama kitu cha mwisho. Nifanye nini? Niambie wewe."

Nilikwenda kwa kinyozi jirani, nikaomba takataka za sakafuni, nikasema ni za kujazia mto. Nywele za madereva, za wabadilisha pesa, za wanafunzi. Nilizichambua, nikazikata ndogo, nikaanza kubandika kwa gundi, chache chache, kutoka shingoni kwenda juu. Mgongo uliniuma. Yeye machozi yanashuka, nami namwambia asitikise kichwa. Nilipomaliza, nasema kweli, hata mimi ningemwita kinyozi. Zilikuwa nywele fupi za mwanamke aliyekaa hospitali muda mrefu hana nafasi ya kusuka. Akajitazama kioo. Alitaka kuzigusa, nikampiga mkono.

Aliporudi msibani alijifunga kitambaa, na nasikia alilala ameketi.

Nilikwenda kesho yake. Kazi yangu nilitaka kuiona. Uani wamejaa, wengine juu ya ukuta, simu zimeinuliwa. Wakanyolewa kaka zake, kisha dada mdogo. Kisha akaitwa yeye. Akafungua kitambaa, akapiga magoti mbele ya senge, mwanamke mzee, mweusi, mwembamba, asiye na jino la mbele. Nikaona kazi imesimama vizuri. Nikapumua.

Nilichosahau ni maji. Ndevu za jukwaani hazinyolewi kwa maji. Senge alichota kwa kiganja akamwagia utosini, akasugua kama inavyosuguliwa. Gundi ikalegea. Nilikuwa karibu, nikaona nywele zinateleza pamoja, kama ukoko wa uji unavyoteleza sufuriani, na chini yake kichwa kinajitokeza, kitupu cha miaka mingi, kinang'aa. Mkono wa senge ukasimama. Akatazama kiganja chake. Akamtazama mtoto wa kaka yake.

Nilifunga macho yangu. Sijawahi kufunga macho kwa kitu kingine.

Nilipofungua, senge alikuwa amesogea, amempa umati mgongo, leso yake pana ameiachia begani imeziba upande mmoja. Wembe ulikuwa unatembea. Ulitembea juu ya ngozi tupu kutoka paji mpaka kisogoni, taratibu, na kila mpito alikusanya zile nywele zilizolegea akazidondosha kwenye beseni. Alipangusa wembe kwenye kidole, akarudia, kama kweli zipo. Na alikuwa anasema kwa sauti ya chini, mimi niliyekuwa karibu nilisikia, "Lia, mwanangu. Inua uso ulie. Wakutazame uso, si kichwa."

Akainua uso akalia. Simu zote zikafuata uso. Kilikuwa kilio cha kweli, na kilimficha.

Miezi iliyofuata ilikuwa myepesi kwake, ukiondoa majonzi. Alitembea Busia kichwa wazi, jua linampiga, na watu wakasema huyu ameomboleza. Alikuja dukani akanionyesha upepo, ndiyo, upepo: alikaa mlangoni akainamisha kichwa ule wa ziwani ukampita. "Nilikuwa nimeusahau huu," akasema. Nilimwona anacheka bila kushika ukuta.

Lakini nywele za wafiwa hurudi. Za kaka zake zikaota. Dada mdogo akaanza kusuka. Wigi ya majuma mawili, yale madoa madoa meusi ya nywele zinazochungulia, hakuna mwanadamu anayeweza kuishona. Nilijaribu. Nilitoboa vitambaa vingi kwa sindano nikavitupa. Na kwa ukoo wao wafiwa hurudi nyumbani baada ya muda, senge anawapitishia kiganja kichwani na kusema marehemu amekubali. Kiganja kilipita kwa kaka zake, kikapita kwa dada. Ilipofika zamu yake, baba mdogo, mkubwa wa boma sasa, hakungoja senge. Aliona mwenyewe.

"Hizi zako mbona hazikuota?"

Akainamisha kichwa.

"Mama yako amekukataa," akasema mbele ya wote. "Kuna kitu ulimfanyia. Kiseme hapa, usafishwe. Usipokisema chira haitakuchukua peke yako, itachukua na watoto wa wenzako."

Wakampa muda afikiri. Wapo waliokuwa na simu pale pia, watoto wa ndugu. Akaenda nyuma ya jiko. Senge akamfuata na sufuria za kusugua, kama mwenye kazi zake.

Maneno waliyosemezana alinihadithia mwenyewe baadaye, nami nayaandika alivyoyasema.

"Mimi ndiye nilimwosha mama yako," senge alisema, anasugua sufuria. "Anayeosha maiti hasemi alichokiona. Nimeosha wengi, sijasema. Leo nakwambia wewe tu, kwa sababu ya kile ulichoniachia kwenye beseni. Nilifungua kitambaa chake. Kichwa chake kilikuwa kama chako. Hata unywele mmoja. Kwa ile ngozi, ni tangu ujanani."

Mwigizaji akakaa chini kwenye majivu.

"Nilimfunga tena vizuri," senge akasema. "Amelala nacho. Sasa wewe ukitaka kusema, sema. Wajue ni damu, si laana. Nitasimama na wewe, na kiapo changu kife."

Fikiria wewe. Wawili hao, mama na mtoto, miaka yote ile, kila mmoja anamshukuru Mungu kwamba mwenzake hagusi kichwa chake.

Neno moja lingemtoa. Alirudi mbele ya wazee, akapiga magoti, akasema kweli amemkosea mama. Akasema usiku wa mwisho, hakuna ndugu mwingine hospitali, mama alimpigia simu aje, na yeye alikuwa ametoroka kwenda kwenye sinema, akaizima simu, na mama akafa akimwita. Alisema hivyo kwa machozi, na kwa maneno mengi kuliko niliyoandika. Yeye, aliyelala sakafuni chini ya kile kitanda. Wazee walilia. Baba mdogo alilia. Senge peke yake hakulia, alikuwa anatazama mikono yake. Wakamchinjia kuku, wakamsafisha kwa majani na maji, wakamwambia sasa zitaota.

Picha za ungamo lile zilifika Busia kabla yake. Mwanamke aliyemwacha mama yake afe kwa ajili ya sinema. Watu waliomsifu kwa kipara wakamtemea mate kwa kipara kile kile. Mwongozaji hakumpigia. Wengine nao hawakupiga. Nyumba aliyopanga aliihama, na zile wigi aliniachia bila kuaga.

Nilimwona tena mwaka huu, Tororo, siku ya soko. Nilikwenda kununua uzi. Alikuwa ametandika turubai, anauza vitambaa vya kichwa, amekifunga chake kama wanavyofunga walokole wa zamani, fundo nyuma, masikio ndani. Sikumuuliza alikitoa wapi. Mwanamke mmoja alikuwa anachagua, akamkazia macho.

"Wewe si ndiye yule wa sinema? Aliyemwacha mama yake akafa?"

"Ndiye," akasema. "Unachukua hiki cha bluu au cha maua?"

Yule mwanamke akakitupa chini, akaenda. Yeye akakiokota, akakikung'uta, akakikunja vizuri.

Nilikaa kwenye jiwe pembeni yake. Nilikuwa na hasira ya kuweza kupiga mtu.

"Sema ukweli," nikamwambia. "Mimi ni shahidi. Senge bado yupo hai. Tutakwenda kwa yule mwongozaji, tutakwenda kwa baba yako mdogo, nitasimama mimi."

"Nitasema nini, mzee?"

"Kwamba mama yako naye alikuwa hivyo."

Alinyoosha kile kitambaa kwenye goti. "Alikifunga maisha yake yote. Senge amemfunga akamzika nacho. Mimi niende nikifungue mbele ya watu?"

"Ameshakufa. Haoni."

"Na mimi nilikuwa sioni. Ona nilivyomkosea." Akakikunja. "Kule kusema kwamba nilimkosea, mzee, nilidhani naigiza."

Nilimnunulia uji, akanywa. Tukatazama watu. Nilipoinuka aliniuliza, hakuniangalia.

"Zile nywele zangu bado zipo?"

"Zipo."

"Zimefika wapi?"

"Ya mabegani iko tayari," nikasema. "Ile ya tatu ndiyo uliyoivua mwisho."

"Ziache zikue," akasema.

Mimi leo nina kiwanja hapa Busia chenye duka la matofali. Nina nyumba ya bati Lumino, na shamba la muhogo nyuma yake. Nina ng'ombe watatu na ndama. Nina cherehani mbili, moja mbovu. Nina ile sindano ya magunia niliyoanza nayo. Nina kipara ambacho mpaka leo hakuna aliyeniuliza kimetoka wapi. Na kwenye rafu ya juu nina vichwa vya mbao vitano, vyenye nywele za mtu mmoja, kutoka fupi mpaka za kusukwa. Wateja wanaziulizia. Haziuzwi.